Faili Linatumiwa na Mtu Mwingine

...na bado skrini inasema faili linatumiwa na mtu mwingine, tafadhali subiri, kwa Kiingereza safi, maneno meupe juu ya buluu, yana adabu kuliko watu wote wa hospitali hii, maana nani hapa ameniambia tafadhali tangu asubuhi, wote ni Kathambi mashini imekufa, Kathambi mashini imekataa, kana kwamba mashini ni ng'ombe wangu aliyeingia kwenye mahindi yao, chumba cha dawa wamepiga simu, maabara wamepiga, wodi ya wazazi wamepiga, na hakuna hata mmoja aliyeusoma ujumbe mpaka mwisho, waliona Kiingereza kirefu wakainua simu, watu waliomaliza kidato cha nne, wengine wana diploma zimetundikwa ukutani kwa fremu, na sentensi moja imewashinda... haijafa, sava haijafa, hii mashini kuu inayolisha kompyuta zao zote, iko hapa karibu na magoti yangu inanguruma na kunipulizia joto, ingekuwa imekufa skrini zao zingesema haziuoni mtandao, na kama ni waya umechomoka, kama siku ile mama wa usafi aliposukuma ndoo akaung'oa kwenye korido, zingesema vivyo hivyo, lakini hizi zinasema subiri, na anayekuambia subiri yuko hai, amefunga mlango tu, kwa hiyo swali ni nani amefunga, wala si swali gumu, ila katika hospitali hii hata swali la nani amechukua kikombe changu huundiwa kamati... chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mashuka, bado kinanuka jiki na sabuni ya mche, nilipoomba mahali pa kuweka sava Bwana Muthamia msimamizi aliniuliza kwani huko Nairobi sava hulala wapi, akacheka peke yake, kisha akaniletea kitambaa alichofuma mke wake, cha maua ya waridi, ati tuifunike isiingie vumbi, kama redio ya sebuleni, nikamweleza kwamba mashini hii inapumua, akaitikia kwa kichwa vile watu wakubwa huitikia mambo wasiyoyaelewa, na Jumatatu nikakuta kitambaa kiko juu yake, imechemka ungeweza kukaangia yai, nikakitoa, naye akanuna kama mtu aliyevuliwa shati hadharani.

Viatu hivyo vinavyolia kwenye korido ni vya Sista Veronicah, nesi wa zamu, hutembea kama anayepiga ngoma, na sasa kichwa chake kimeingia mlangoni, kofia imekaa upande, "Kathambi, bado tu? Sasa nimwambie daktari nini?" Mwambie asubiri, nasema bila kugeuka, hata skrini inasema hivyo. "Si mchezo, Kathambi. Kuna huyu mama wa Kiirua, ako na nimonia mbaya, anapumua juu juu. Jirani yenye amemleta anasema kuna sindano ilitaka kumuua kitambo, hapa hapa kwetu, na hajui ni gani. Mama mwenyewe hawezi ongea vizuri. Daktari Mugendi anataka file." Basi mpe faili, nasema, na hapo najua nimesema upuuzi, na ninakasirika zaidi kwa sababu ni upuuzi wangu, faili ziko kwenye rafu kule nyuma zimepangwa kwa namba, elfu juu ya elfu, na namba ya mtu iko ndani ya hii mashini na kwingine hakuna, zamani kulikuwa na kadi za majina kwenye visanduku vya mbao, Bwana Muthamia akasema sasa tuko kisasa, kadi za nini, akaziweka kwenye banda la kuni, mchwa wakafanya karamu... "Anasema nikikosa file saa hii atadunga tu ile anajua," Veronicah anasema, "ati hawezi angalia mtu akikufa akingojea computer. Kathambi, unaskia?" Nasikia, nenda, nikiwa na mtu juu ya shingo yangu nafanya kazi polepole, na viatu vinaenda, ngoma inapungua kwenye korido, mama wa Kiirua, mimi ndiye nimezaliwa Kiirua na akina mama wa Kiirua nawajua kama kiganja changu, watakaa na kifua mpaka kilie mluzi, kwanza majani ya kuchemsha, kwanza maombi ya jirani, kwanza viazi vivunwe kabla baridi haijaviharibu, kisha siku pumzi imekatika ndipo wanatafutiwa pikapu ya kuwaleta, na mtu ukimwuliza mbona hukuja mapema anakuambia hakutaka kusumbua, eti kusumbua, anakufa kwa adabu... na Kiogora naye, kaka yangu, alipiga simu Ijumaa kutoka kwa duka la pembejeo, anapiga kelele kana kwamba sauti inatembea kwa miguu kutoka Kiirua mpaka Meru mjini, ati nije nyumbani Jumapili kuna wageni, mama amesema nisikose, mama anakohoa kidogo lakini atapika mwenyewe, nikamwambia Jumapili nanakili data, akauliza nini, nikasema nanakili data, akasema haya, vile wanavyosema haya nyumbani, haya ya kukuacha na Kiingereza chako, wageni gani hao wa Kiirua, ni walewale, wa kanisa, wanakuja kula kuku na kuomba bati la kuezekea kanisa.

Mapokezi. Mapokezi hawajapiga simu. Wote wamelalamika na mapokezi peke yao wamenyamaza, na asiyelalamika wakati kila mtu analalamika huyo ndiye wa kutafutwa, hilo halikufundishwa chuoni, nimelijua kwa kukaa na ndugu zangu, nabonyeza kitufe na yule nyoka mwekundu wa kuchorwa anayetambaa kwenye skrini ya sava isipoguswa anapotea, orodha inakuja, dawa, maabara, wazazi, mapokezi, nashuka kwa mshale, naingia mapokezi, na ndiyo hiyo, faili la wagonjwa, limefunguliwa kwa kubadilisha, limefungwa kwa wengine wote, na jina la mtumiaji ni Muchangi, nani mwingine, bila shaka Muchangi, ningeweza kuliandika jina hilo kwenye ukuta asubuhi na kuokoa umeme... yule fundi aliyetuandikia programu hii naye alikuwa mvivu, ukibadilisha mgonjwa mmoja inafunga faili zima, nyumba nzima inafungiwa nje kwa sababu mtu mmoja anaoga, nilimlalamikia akaniambia katika hospitali nyingine mtu akifungua rekodi huimaliza, haendi kunywa chai katikati, nikamdharau yeye kwa uvivu na hawa kwa chai, dharau ilitosha wote... sasa naweza kumkata Muchangi kutoka hapahapa, kitufe kimoja tu, itaniuliza ndiyo au la, nijibu ndiyo, lakini mara ya mwisho nilipomkata mtu katikati ya kuandika, faharasa nzima ilivunjika, majina yakarukia namba za watu wengine, mzee wa Tigania akapewa faili la mjamzito na alilisaini, nikakaa kuitengeneza mpaka jua likazama, na leo faharasa ikivunjika huyo mama hana namba leo wala kesho, kwa hiyo si kukata, ni mtu kuketi pale mapokezi na kubonyeza Escape kistaarabu, mashini ifunge faili yenyewe, basi, kazi ya kidole kimoja, na naweza kumpigia sista yeyote pale aibonyeze lakini siwaamini, nilibandika karatasi, USIGUSE, kwa sababu ukimwambia sista bonyeza Escape atabonyeza na jirani zake wote, na mimi mwenyewe naweza kwenda, ni kuvuka ua tu, kupita tangi la maji na ile kamba ya mashuka, lakini siendi, kila siku ni mimi, wao wanamwaga na mimi napangusa, leo aliyeacha skrini wazi atarudi kwa miguu yake aifunge, nitamtafuta popote alipo...

"Hodi." Na ndiye huyu, anasema hodi na mlango uko wazi, sweta ya kijani, kalamu mfukoni, Muchangi karani wa mapokezi, mtu wa Gachoka, kule chini Mbeere ambako mbuzi wanakula vumbi na kunde ndiyo mboga na ndiyo nyama, anasimama kizingitini kama aliyekuja kuomba maji, na sura hiyo ndiyo inanimaliza, ya upole, ya kusubiri, heri angekuwa mwongo au mlevi ningejua pa kumshika, sura hiyohiyo aliyokuja nayo kantini siku ile, nikila mandazi na wenzangu, akaomba kuketi, akaketi, akazungusha kikombe, kisha akasema mbele ya wote kwamba amenifikiria kwa muda mrefu na angependa kujua kama mimi naweza kumfikiria, hivyo, kama anayesoma tangazo la mazishi, nami mdomo umejaa mandazi nikamwambia nenda ukaulize nyumbani kwetu, na wote wakavunjika mbavu, wa maabara alimwaga chai, isipokuwa yeye, yeye alisema asante, akainuka akarudisha kiti vizuri chini ya meza, na mimi nikacheka tena kwa sababu ya ile asante... "Kathambi, nimekuja kukuambia. Huyo mama—" Huyo mama nimeshaambiwa, nasema, niambie wewe, umefungua rekodi ukaiacha wazi? "Niliiacha. Lakini huyo mama ni—" Ni wa Kiirua, ana nimonia, najua yote, hata kama ni mama wa Papa mwenyewe sijali, nani alikufundisha kuacha rekodi wazi, mimi? "Si wewe." Basi rudi ubonyeze Escape, hospitali nzima imesimama kwa ajili yako. Anaangalia sakafu. Simu inalia mezani, wacha ilie, ni dawa tena au ni Muthamia anataka kujua kama ni virusi na kama virusi vyenyewe vinaambukiza wafanyakazi, aliniuliza hivyo mbele ya bodi, inalia, inalia, inanyamaza. "Siwezi rudi pale," Muchangi anasema.

Huwezi, namwambia, sasa nimegeuka na kiti chote, huwezi au hutaki, kuna simba? "Casualty imejaa, wamemlaza huyo mama kwa kile kitanda cha magurudumu, mbele ya dirisha langu. Nilikuwa nimeandika jina, nikainua kichwa nimwulize miaka, nikaona ni yeye. Nikasimama nikatoka. Sikufikiria computer, Kathambi, nilitoka tu." Uliona ni yeye nani? "Ni mtu sipaswi kukaa mbele yake. Kwa heshima." Heshima gani? Anavuta pumzi. "Nthoni. Ni mama mkwe." Na mimi nacheka, siwezi kujizuia, nacheka mpaka kiti kinalia, kwa hiyo hiki ndicho kimefunga sava ya hospitali, si diski, si umeme, si waya, ni nthoni, ile aibu ya mkwe, miaka ya tisini inaisha, watu wanatumiana barua kwa waya wa simu, na karani amemwona mama mkwe akakimbia kama mwizi wa kuku... mjomba wangu kule Kiirua alikuwa hivyo, akimwona mama mkwe wake anakuja njiani anaingia katikati ya mahindi anampa mgongo mpaka apite, siku moja mvua ilimkuta humo naye yule mama akasimama njiani kuongea na mtu, akaloa mpaka kwenye mifupa na hakutoka, sisi watoto tulimchungulia tukiziba midomo, nikajiambia mimi nikisoma sitaishi na watu kama hawa, nikasoma, na tazama, wamenifuata mpaka kwenye chumba cha sava... lakini ngoja, mama mkwe wa nani, huyu hana mke, kila mtu anajua hana, anakaa chumba kimoja Kinoru nyuma ya uwanja, ana sahani moja na kijiko kimoja, wa maabara walimtembelea wakala kwa zamu, utakuwa na mama mkwe kutoka wapi, nauliza, na hata bibi huna? "Bado sina," anasema taratibu. "Lakini nimepeleka wazee wangu. Hii Jumapili imepita. Tulitoka Gachoka asubuhi na mapema na kibuyu cha asali. Mimi nilikaa nje na vijana, lakini mama huyo alitoka kunisalimia, nikamwona. Ile asali ikishapokewa, nthoni imeanza, hata kama hamjaongea kitu ingine." Asali, Jumapili, masikini msichana gani huyo, nafikiria, na wazo halijafika mwisho, limesimama katikati kama mtu aliyesahau alichoendea chumbani, Jumapili, wageni, mama amesema nisikose... ulipeleka wapi, nauliza, na sauti yangu imekuwa ndogo, Muchangi, ulipeleka wapi hiyo asali? "Kathambi, si ni wewe uliniambia niende nikaulize nyumbani kwenu?"

Alienda. Nilimcheka na yeye akaenda, akatafuta wazee, akatafuta asali, akapanda kutoka joto la kwao mpaka baridi ya Kiirua kwa sababu ya neno nililolisema na mandazi mdomoni, na huyo ndiye alikuwa mgeni wa Jumapili, si wa bati, ni wangu, na mama ambaye anakohoa kidogo lakini atapika mwenyewe, mama wa Kiirua, anapumua juu juu, hawezi kuongea, mbele ya dirisha la mapokezi, ni mama yangu, ni mama, na huyu amesimama hapa akijaribu kuniambia tangu alipopiga hodi, huyo mama ni, huyo mama ni, na kila mara mimi nimemkata, nimeogopa kukata rekodi nikamkata mtu, na jina lake hawezi kulitaja kwa sababu ya hiyo nthoni yake, na mimi sikuuliza, Veronicah hakuniambia jina nami sikuuliza jina, kwangu lilikuwa faili tu... na sindano, Mungu wangu, sindano ninaijua, nilikuwa darasa la tano, mama alikuwa na kidonda mguuni kimeoza, wakamdunga, hapa hapa hospitalini, tukatoka nje kungoja lori la viazi litubebe, tumekaa kwenye nyasi akinimenyea ndizi, na mikono yake ikaacha kumenya, midomo ikafura, macho yakafungwa, akanionyesha shingo kwa kidole, hakuna sauti, nikakimbia ndani nikipiga mayowe mpaka mtawa mmoja mzee Mwitaliano akatoka mbio na sindano nyingine, akamrudisha, kisha jioni akaniinamia, ananuka sabuni na kahawa, akanifanya nitamke, penisilini, tena, penisilini, tena, akasema mama hajui kusoma kwa hiyo wewe ndiye utakumbuka, na nimekumbuka, nilikuwa nayo kichwani wakati wote nimekaa hapa, hakuna haja ya namba, hakuna haja ya rafu wala ya Escape, ilikuwa kwangu, na nimonia hapa hudungwa nini kwanza, hata mimi najua, naiona kila siku kwenye orodha ya dawa, ndiyo ya kwanza, ndiyo rahisi, ndiyo ile daktari anaijua... atadunga tu ile anajua, alisema saa hii, na saa hii ilikuwa wakati gani, kabla sijacheka au baada ya kucheka?

Penisilini, namwambia Muchangi, ni penisilini, wasimdunge penisilini itamuua, na nimeshika simu nikizungusha namba za mapokezi, Muchangi kimbia, lakini hayuko, mlango uko wazi na hayuko, namsikia kwenye korido kisha uani, kitu kimeanguka, ndoo, mtu amepiga kelele angalia mashuka, na simu inaita kule, inaita, hakuna anayeichukua, bila shaka hakuna, mwenye kuichukua si alikuwa hapa nikimwuliza kuhusu simba, inaita, nisimame nami nikimbie, lakini nikiweka simu chini labda ndipo watainua, inaita, mama, nilikuambia nanakili data, hukuniuliza data ni nini, ulimtuma Kiogora aulize mara moja na basi, mimi niliyewacheka watu wa mlimani kwa majani yao na wa bondeni kwa kunde zao na Muthamia kwa kitambaa chake, nimekaa hapa na dharau yangu kama mtu aliyekalia mfuko wa dawa, naona haya, naona haya mpaka masikio yanawaka, chukueni simu, mtu yeyote, mama wa usafi, chukua simu... imechukuliwa. Makelele. Chuma kimeanguka kwenye saruji. Sauti ya Daktari Mugendi, wewe kijana una wazimu, na sauti ya Muchangi, ile sauti ya tangazo la mazishi sasa imepasuka, "Si hiyo, daktari, hiyo itamuua, ni penisilini hataki, nimeambiwa na mtoto wake," na kisha yuko karibu zaidi na simu, anasema polepole kwa Kimbeere, nielewavyo mimi ni kama anaomba msamaha, nisamehe nimesimama mbele yako, nisamehe.

"Halo?" Ni Veronicah, anahema. Ni mama yangu, nasema, Veronicah, huyo ni mama yangu, Lorna Kaari wa Kiirua, ni penisilini, mmemdunga? "Ngai, Kathambi, mama yako? Sindano iko chini, huyu Muchangi amepiga mkono ya daktari ikaruka. Ilikuwa imefika kwa ngozi, lakini haijaingia. Daktari anatoa ingine tofauti saa hii." Haijaingia, nasema. "Haijaingia. Anapumua, anatuangalia. Lakini Kathambi, si ungetuambia? Huyu jirani, Teresia, anasema alitaka kukuita tangu wafike, alijua uko hapa, na ni mama alikataa. Alimshika nguo. Akasema usisumbuliwe, mashini ya watu imeharibika na ni wewe peke yako unaijua." Simu iko sikioni, mkono wangu mwingine uko juu ya vitufe vya hii sava ambayo haina haraka na mtu, na mtandao mzima bado umesimama na najua Muchangi hataketi kwenye kiti chake kubonyeza chochote maadamu kitanda kiko pale, na simwoni mjinga, natafuta ule ujinga wake ambao nimeuona kila siku na siuoni, niende nikaibonyeze mimi, niende kwanza kwa mama, mwambie hanisumbui, nataka kusema, Veronicah mwambie hajawahi kunisumbua. "Halo," Veronicah anasema, "halo, Kathambi? Mama anauliza kama umemaliza kazi. Nimwambie nini? Halo, bado uko?" Niko, nasema, niko, nakuja, mwambie nakuja, na bado nimekaa palepale, nalia.